Jedwali na Mantiki: Historia ya Uhariri wa Ontolojia kwa Mwonekano wa Lahajedwali

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya zoea moja la kazi katika taaluma ya uwakilishi wa maarifa, yaani kuhariri ontolojia za kikompyuta kupitia jedwali lenye mistari na safu badala ya mti wa dhana au kauli za mantiki. Kwa kupitia zana na miradi iliyojitokeza tangu miaka ya 1980, hususan katika baiolojia, tiba na kilimo, makala yanadai kwamba jedwali halikuwa njia ya mkato ya watu wasioijua mantiki. Lilikuwa mkataba wa mgawanyo wa kazi kati ya mtaalamu wa fani na mtaalamu wa mantiki. Mkataba huo ulistawi pale maana ya kila safu ilipoandikwa bayana, na ulivunjika pale programu ilipojiamulia maana hiyo kimyakimya. Mfano wa kamusi za sifa za mazao, hasa zao la muhogo, unaonesha kwamba suala hili linagusa pia swali la nani mwenye mamlaka ya kusema kinachopimwa shambani.

1.0 Utangulizi

Neno ontolojia limetoka katika falsafa, ambako lilihusu uchunguzi wa kuwapo kwa vitu. Taaluma ya kompyuta ililichukua na kulipa kazi nyingine. Katika makala yake ya mwaka 1993, Tom Gruber, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford, aliieleza ontolojia kuwa ni ubainishaji wa wazi wa namna uwanja fulani wa maarifa unavyofikiriwa: ni vitu gani vinavyohesabiwa kuwa vipo, na vinahusianaje. Kwa mujibu wa mtazamo huo, orodha ya maneno haitoshi kuitwa ontolojia. Kuorodhesha "figo" na "nefroni" ni hatua ya kamusi. Ontolojia huanza pale inaposemwa, kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuihakiki, kwamba kila nefroni ni sehemu ya figo.

Lahajedwali lina asili tofauti kabisa. Lilizaliwa katika hesabu za biashara. Mwaka 1979 Dan Bricklin, aliyeanza kulifikiria wazo hilo akiwa mwanafunzi wa shule ya biashara ya Harvard, pamoja na Bob Frankston, walitoa programu ya VisiCalc kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Kilichowavutia watumiaji ni kwamba badiliko katika kisanduku kimoja lilisababisha visanduku vyote vinavyokitegemea kujikokotoa upya. Hata hivyo, kwa madhumuni ya makala haya, jambo jingine lina uzito zaidi. Katika lahajedwali, maana ya kilichoandikwa ndani ya kisanduku haimo katika kisanduku chenyewe. Hutokana na mahali kilipo: mstari husema kinahusu nini, na kichwa cha safu husema kinasema nini juu ya kitu hicho.

Kwa mtazamo wa kwanza, vitu hivi viwili haviwezi kukaa pamoja. Jedwali ni bapa, ilhali ontolojia ni mtandao ambamo dhana moja inaweza kuwa na wazazi wawili au watatu. Jedwali hudai kila mstari ufanane kwa umbo na mwenzake, ilhali ontolojia hujengwa kwa kauli za maumbo mbalimbali. Licha ya hayo, wajenzi wa ontolojia wamelirudia jedwali mara kwa mara, hata baada ya kupata programu maalumu za kuhariri mantiki. Kurudi huko kunahitaji maelezo. Historia ya ontolojia za kikompyuta imezoeleka kusimuliwa kama historia ya lugha za mantiki na nguvu zake za kueleza mambo. Makala haya yanaisimulia kutoka upande wa pili, yaani upande wa meza ambapo mtaalamu wa fani huketi kuandika anachokijua.

2.0 Fomu Kabla ya Jedwali

Tatizo ambalo jedwali lilikuja kulitatua lilijulikana kabla ya majedwali yenyewe kutumika. Katika miaka ya 1970 na 1980, watafiti wa mifumo ya kitaalamu walibaini kwamba kikwazo kikubwa hakikuwa kasi ya kompyuta, bali namna ya kuyatoa maarifa katika kichwa cha mtaalamu na kuyaingiza katika mashine. Daktari bingwa hakujua lugha ya programu. Mhandisi wa maarifa hakujua tiba. Kila kanuni ilibidi ipite kwa mkalimani, na mkalimani huyo alikuwa mmoja kwa wataalamu wengi.

Chuo Kikuu cha Stanford kilikuwa na mfumo ulioitwa ONCOCIN, uliotoa ushauri juu ya matibabu ya saratani kwa kufuata taratibu za majaribio ya kitabibu. Kwa ajili ya mfumo huo ilitengenezwa zana iliyoitwa OPAL, ambayo ilimwezesha bingwa wa saratani kueleza utaratibu wa matibabu kwa kujaza fomu katika skrini. Mark Musen, katika kazi yake ya udaktari, alikwenda hatua moja mbele. Programu aliyoiita PROTÉGÉ, iliyotokea mwaka 1987, haikuwa fomu bali kiwanda cha fomu: mhandisi alieleza muundo wa uwanja wa maarifa, na kutokana na maelezo hayo programu ilizalisha zana ya kujazwa na mtaalamu wa fani.

Hapa ndipo mkataba unaojadiliwa katika makala haya ulipoonekana kwa mara ya kwanza kwa umbo lililo wazi. Mhandisi alimiliki muundo. Mtaalamu alimiliki yaliyomo. Kila mmoja aliandika mahali pake, na hakuna aliyelazimika kuisoma lugha ya mwenzake. Fomu, kimsingi, ni jedwali lenye mstari mmoja: majina ya nafasi zake ndiyo vichwa vya safu. Upungufu wake ni huo huo umoja wa mstari. Mwenye kujaza fomu huona kitu kimoja kwa wakati mmoja, na hana namna rahisi ya kukilinganisha na vitu mia moja vinavyofanana nacho.

Miaka kumi na moja baadaye, tatizo lilijitokeza kwa wingi ambao haukuwa umezoeleka. Mwaka 1998 watunzaji wa hifadhidata za viumbe vitatu, yaani inzi wa matunda, panya na hamira, waliungana kuanzisha Gene Ontology ili kazi za jeni zielezwe kwa istilahi moja bila kujali jeni hiyo imetoka kwa kiumbe gani. Istilahi ziligawanywa katika matawi matatu: kazi ya molekuli, mchakato wa kibaiolojia, na sehemu ya seli. Mwanzoni ziliandikwa katika mafaili ya matini ambamo kina cha dhana kilioneshwa kwa nafasi za mwanzo wa mstari. Baadaye zikaundwa programu za kuhariri, kwanza DAG-Edit na kisha OBO-Edit, ambazo ziliuweka mti wa dhana mbele ya macho ya mhariri.

Hata hivyo, ndani ya mradi huo huo jedwali lilikuwapo tangu awali, ila upande wa pili wa nyumba. Kazi ya kuhusisha jeni na istilahi ilihifadhiwa katika mafaili yenye safu zilizotenganishwa kwa alama ya kichupo, 15 katika muundo wa kwanza na 17 katika muundo uliofuata. Kila mstari ulisema jambo moja: jeni hii, istilahi hii, kwa ushahidi wa aina hii, kutoka chapisho hili. Kwa hiyo mtaalamu yuleyule aliishi katika dunia mbili. Alipotaka kusema jambo kuhusu jeni, aliandika mstari. Alipotaka kuongeza istilahi, aliingia katika mti. Dunia ya kwanza ilimruhusu kufanya kazi kwa wingi. Ya pili ilimlazimisha kwenda tawi kwa tawi.

3.0 Kisanduku Chenye Kauli ya Mantiki

Mwezi Februari 2004 shirika la W3C liliidhinisha OWL kuwa lugha ya viwango ya kuandikia ontolojia katika wavuti, na mwezi Oktoba 2009 toleo la pili likaidhinishwa. Lugha hii ilileta faida kubwa. Programu ya kuhakiki mantiki iliweza sasa kusoma kauli zote za ontolojia, kubaini zinazopingana, na kuzipanga dhana katika ngazi zake bila mhariri kuzipanga kwa mkono. Faida hiyo, hata hivyo, ililipiwa na mhariri. Ili mashine ipange, ni lazima kila dhana iandikiwe masharti yake kwa ukamilifu.

Gharama hiyo inaeleweka vizuri kwa mfano. Tuseme maabara inahitaji istilahi ya kipimo cha kiasi cha glukosi katika damu. Katika programu ya kuhariri yenye mwonekano wa mti, mhariri hutafuta dhana mzazi, huunda dhana mpya, huipa kitambulisho na jina, huandika fasili, kisha hueleza kwa kauli za mantiki kwamba kipimo hicho hupokea sampuli ya damu na kutoa kiasi cha glukosi. Kazi hiyo si ngumu. Ugumu huja pale maabara inapohitaji vipimo 200 vinavyotofautiana kwa mambo mawili tu: sampuli inayopimwa na kemikali inayotafutwa. Mhariri hurudia hatua zilezile mara 200, na kila marudio ni nafasi ya kukosea. Mtu yeyote aliyewahi kujaza daftari la maabara angeligeuza suala hilo kuwa jedwali lenye safu tatu: jina la kipimo, sampuli, kemikali.

Ndivyo ilivyotokea. Mwaka 2010 Martin O'Connor, Christian Halaschek-Wiener na Mark Musen waliwasilisha Mapping Master, lugha ya kueleza jinsi visanduku vya lahajedwali vinavyogeuzwa kuwa kauli za OWL. Mtumiaji aliandika kauli ya kimantiki mara moja, akaacha mapengo, na kila pengo likaelekezwa katika safu fulani. Programu ilipita mstari kwa mstari na kuyajaza mapengo. Inafaa kuzingatiwa kwamba mmoja wa waasisi wa njia hii ni yuleyule aliyekuwa ameanza na fomu mwaka 1987. Mwaka uliofuata, wajenzi wa ontolojia ya uchunguzi wa tiba na baiolojia, Philippe Rocca-Serra na wenzake, walieleza utaratibu wao wa violezo vya haraka vya istilahi, uliojengwa juu ya msingi huo: mtaalamu hujaza lahajedwali, na istilahi nyingi huzaliwa kwa mkupuo.

Chuo Kikuu cha Manchester kilifuata njia iliyo jirani. Zana ya RightField, iliyoelezwa mwaka 2011, ilipachika istilahi za ontolojia ndani ya lahajedwali la kawaida kama orodha za kuchagua, hivi kwamba mwanabaiolojia aliyejaza taarifa za jaribio lake hakuandika neno lake mwenyewe bali alichagua lililokubaliwa. Populous, iliyotokana nayo, iliuelekeza utaratibu huo katika kujenga ontolojia zenyewe, na ilitumika katika kuandaa ontolojia ya figo na njia ya mkojo. Wataalamu wa figo walijaza jedwali la seli, mahali zilipo katika mwili na michakato zinayoshiriki. Ruwaza za mantiki zilitunzwa kando, na ziliunganishwa na jedwali baadaye. Mwaka 2013 OntoMaton ililipeleka wazo hilo katika malahajedwali ya mtandaoni, ambamo watu kadhaa wangeweza kujaza faili moja kwa wakati mmoja.

Zana hizi zinatofautiana kwa mambo mengi ya kiufundi, lakini zina uamuzi mmoja wa pamoja. Zote zilikataa kumfundisha mtaalamu wa fani mantiki kama sharti la kumruhusu achangie. Wakati huohuo zilikataa kuiondoa mantiki. Ziliihamisha kutoka katika kisanduku hadi katika kichwa cha safu. Safu ya "sampuli" haikuwa tena mahali pa kuandika neno. Ilikuwa kauli nzima yenye pengo moja. Aliyeandika "damu" alikuwa ametamka sentensi ya kimantiki bila kuisoma.

4.0 Kisanduku Kinachojiamulia

Kutamka sentensi bila kuisoma kuna hatari yake, na hatari hiyo haikutoka katika ontolojia bali katika programu za lahajedwali zenyewe. Mwaka 2004, mwaka uleule OWL ilipoidhinishwa, Barry Zeeberg na wenzake walichapisha onyo lililowashtua watunzaji wa hifadhidata za jeni. Microsoft Excel, ilipofungua orodha za jeni, ilikuwa ikibadilisha baadhi ya majina bila kuuliza. Jeni iliyoitwa DEC1 iligeuka kuwa tarehe mosi Desemba. Vitambulisho vyenye tarakimu na herufi E katikati, kama 2310009E13, vilisomwa kuwa namba za kisayansi na kuandikwa upya kama 2.31E+19. Faili likishahifadhiwa katika hali hiyo, kitambulisho cha awali kilikuwa kimepotea, na hakuna aliyeweza kukirejesha kwa kutazama kisanduku.

Onyo hilo halikukomesha tatizo. Mwaka 2016 Mark Ziemann, Yotam Eren na Assam El-Osta walichunguza machapisho ya jenomiki yaliyoambatishwa orodha za jeni katika mafaili ya Excel, wakabaini kwamba takribani moja ya tano yalikuwa na makosa ya aina hiyo. Hatimaye zilizosogea ni jeni, si programu. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo mpya uliozingatia tatizo hilo. Jeni iliyoitwa SEPT1 ikawa SEPTIN1, na MARCH1 ikawa MARCHF1. Ilipofika mwaka 2023 ndipo Microsoft ilipotoa kwa watumiaji wa Excel njia ya kuzima ugeuzaji huo wa moja kwa moja.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kichekesho cha maabara. Kwa historia ya ontolojia, hata hivyo, ni ushahidi mzito. Kinaonesha kwamba kisanduku hakiwi kitupu kamwe. Kabla mwanabaiolojia hajaandika chochote, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya mahesabu ilikuwa tayari na dhana zake kuhusu yaliyomo duniani: namba, tarehe, fedha na matini. Hiyo nayo ni ontolojia, ingawa haikuandikwa popote ambapo mtumiaji angeiona wala kuipinga. Ontolojia mbili zilikutana ndani ya kisanduku kimoja, na ile isiyosemwa ikaishinda iliyosemwa.

Kutokana na kisa hiki yanaweza kutolewa masharti mawili ambayo mkataba wa jedwali unayahitaji. Kwanza, maana ya safu iandikwe bayana, katika faili lenyewe, mahali ambapo binadamu na mashine wanaweza kuisoma. Pili, kitambulisho kisiachwe kwa huruma ya programu ya kuonesha. Kisomwe kama matini tu, na jina la kibinadamu liwekwe kando yake ili macho yaweze kuhakiki kile ambacho namba imekificha.

5.0 Jedwali Kuwa Chanzo

Katika zana za mwanzo jedwali lilikuwa rasimu. Lilijazwa, likageuzwa kuwa OWL, kisha likawekwa kabatini. Kuanzia hapo, ontolojia halisi ilikuwa faili la OWL, na marekebisho yalifanywa humo. Hali hiyo ilizaa tatizo ambalo kila mtunza kumbukumbu analifahamu: nakala mbili za jambo moja, zinazoachana taratibu bila mtu kutambua ni ipi ya kuaminiwa.

Mabadiliko makubwa ya muongo wa 2010 yalikuwa kuugeuza uhusiano huo. Zana ya ROBOT, iliyoelezwa na Rebecca Jackson na wenzake mwaka 2019 na kutumika sana katika ontolojia za baiolojia na tiba, ina amri ya violezo inayosoma jedwali la kawaida kwa namna ya pekee. Mstari wa kwanza una vichwa vya safu kwa lugha ya binadamu. Mstari wa pili una maelekezo mafupi ya mantiki: safu hii ni kitambulisho, hii ni jina, hii ni dhana mzazi, hii ni fasili, na hii ni kauli ya uhusiano ambamo alama ya asilimia huonesha mahali pa kuingiza kilichomo katika kisanduku. Kuanzia mstari wa tatu ndipo maarifa yenyewe huanza. Kisanduku kinachohitaji thamani zaidi ya moja huweza kugawanywa kwa alama iliyotajwa katika mstari wa pili, na kwa njia hiyo dhana hupata wazazi wawili bila jedwali kupoteza umbo lake.

Mstari huo wa pili ni mdogo kwa kuutazama, lakini kihistoria ndio unaokamilisha sharti la kwanza lililotajwa hapo juu. Katika Mapping Master na Populous, mantiki ilikuwa nje ya jedwali. Hapa imo ndani, juu ya data inayoihusu, na inasafiri nayo. Mtaalamu wa fani anaweza kuuruka. Mtaalamu wa mantiki anaweza kuusoma na kuurekebisha. Na wote wawili wanatazama faili moja. Pendekezo la David Osumi-Sutherland na wenzake la mwaka 2017 lilichagua njia nyingine kwa lengo hilohilo: ruwaza ya mantiki huandikwa katika faili fupi linalosomeka, jedwali hubeba thamani tu, na programu huvizalisha vyote upya kila ontolojia inapotolewa.

Neno la kuzingatiwa ni "upya". Faili la OWL sasa ni zao, na jedwali ni shamba. Kwa kuwa jedwali huhifadhiwa kama matini sahili katika mfumo wa kudhibiti matoleo, kila badiliko huonekana kama mstari uliofutwa na mstari ulioongezwa, pamoja na jina la aliyelifanya na tarehe. Mhakiki asiyejua OWL anaweza kulisoma na kulipinga. Badiliko hilohilo likitazamwa katika faili la OWL huenda likatawanyika katika mistari kadhaa ya alama ambazo ni wachache wanaozimudu.

Mgeuko huu una masharti yake. Mhariri anayefungua zao na kulirekebisha moja kwa moja atapoteza kazi yake mara zao litakapozalishwa tena kutoka katika jedwali. Kwa hiyo kila mradi unaotumia njia hii hulazimika kuamua, kwa kila kundi la istilahi, chanzo chake ni kipi, na kuhakikisha wahariri wote wanaujua uamuzi huo. Suala lililoonekana kuwa la kiufundi hugeuka kuwa la utawala: nani anaruhusiwa kuandika wapi.

6.0 Namba Tatu Katika Shamba la Mihogo

Swali hilo la utawala linaonekana kwa uwazi zaidi nje ya maabara za jenomiki. Mwaka 2008, chini ya Programu ya Generation Challenge ya mtandao wa utafiti wa kilimo wa CGIAR, ilianzishwa Crop Ontology, mradi wa kuoanisha istilahi ambazo wazalishaji wa mbegu hutumia kuelezea sifa za mazao. Waliolengwa hawakuwa wanamantiki. Walikuwa watafiti wa shambani, ambao tayari waliweka kumbukumbu zao katika malahajedwali. Mradi uliamua kutowaondoa huko. Uliwapa kiolezo cha kamusi ya sifa katika lahajedwali, na kila jamii ya zao ikakijaza kwa lugha ya kazi yake.

Kiolezo hicho kinasimama juu ya wazo moja: kinachoandikwa shambani si sifa tu. Ni muungano wa sifa, mbinu na kipimo, na muungano huo ndio unaoitwa kigezo. Manufaa ya wazo hili yanaonekana katika muhogo, ambao katika Crop Ontology umepewa msimbo CO_334. Magonjwa mawili ya virusi yanayolisumbua zao hili yana historia ndefu katika Afrika Mashariki. Batobato ilielezwa na Warburg mwaka 1894 kutokana na mimea ya eneo ambalo leo ni Tanzania, na michirizi ya kahawia ilielezwa na Storey, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, mwaka 1936. Makali ya magonjwa haya kwa kawaida hupimwa kwa macho, kwa alama kuanzia 1, ambapo hakuna dalili, hadi 5, ambapo dalili ni kali kabisa.

Tuchukue basi kisanduku chenye namba 3. Bila safu iliyofasiliwa, namba hiyo haina maana inayoweza kusafiri. Inaweza kuwa makali ya batobato katika majani miezi mitatu baada ya kupanda, au makali yaleyale miezi mitatu baadaye. Inaweza kuwa dalili za michirizi katika majani, au kuoza kwa kiazi, mambo mawili ambayo hayaendi pamoja daima: mmea unaweza kuwa na majani yenye afua na mizizi iliyoharibika chini ya ardhi. Inaweza hata kutoka katika kipimo chenye alama nyingine kabisa. Mtafiti aliyeiandika anajua. Aliye katika nchi jirani, akiunganisha data hiyo na yake ili kuchagua mbegu, hawezi kujua. Makosa ya hapa hayaishii katika chapisho. Aina ya muhogo iliyopewa alama nzuri kwa sababu safu mbili zilichanganywa inaweza kuendelezwa na kufikishwa kwa mkulima, ambaye atagundua kosa hilo siku ya kuvuna.

Ndiyo maana kamusi ya sifa za muhogo hutenganisha majani na mizizi, mwezi huu na mwezi ule, na kila muungano hupewa kitambulisho chake. Hifadhidata ya Cassavabase, iliyojengwa katika mradi wa NextGen Cassava ulioanza mwaka 2012 na kuishirikisha, miongoni mwa taasisi nyingine, taasisi ya utafiti wa mazao ya Namulonge nchini Uganda, hutumia istilahi hizo kama vichwa vya safu za data zinazotoka shambani. Duara linakamilika: lahajedwali lililofasili istilahi huzaa kichwa cha safu katika lahajedwali la mtafiti.

Hapa mkataba wa jedwali unaonesha sura yake ya kijamii. Laiti kamusi hiyo ingeandikwa moja kwa moja katika OWL, uamuzi wa kutenganisha dalili za majani na za mizizi ungepita mikononi mwa mkalimani asiyewahi kung'oa muhogo. Kwa kuwa iliandikwa katika jedwali, uamuzi huo ulibaki kwa wale wanaoujua ugonjwa. Mantiki haikupungua, ilipangwa mahali pake.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa haithibitishi kwamba jedwali linafaa kwa kila kazi. Dhana za juu kabisa za ontolojia, ambazo ni chache na hazifuati ruwaza moja, huhitaji kujadiliwa moja baada ya nyingine, na mwonekano wa mti pamoja na programu za kuhakiki mantiki bado ndizo zana zake. Jedwali hustawi palipo na wingi unaofanana: vipimo mia mbili, seli za figo, sifa za zao. Mipaka hii si udhaifu wa njia. Ni maelezo ya mahali pake.

Kinachothibitika ni kwamba kulirudia jedwali hakukuwa kurudi nyuma. Kuanzia fomu za OPAL hadi mstari wa pili wa violezo vya ROBOT, tatizo lililoshughulikiwa ni lilelile: namna ya kumwachia mwenye maarifa kalamu yake bila kuacha masharti ya mantiki. Kila hatua ililijibu kwa kuisogeza maana ya kisanduku mahali palipo wazi zaidi. Kwanza ndani ya programu, kisha katika faili la kando, na mwisho juu ya safu yenyewe. Pale maana hiyo ilipofichwa, kama ilivyokuwa kwa jeni zilizogeuzwa tarehe, gharama ililipwa na fani nzima kwa takribani miongo miwili.

Kwa watafiti wanaoandaa istilahi katika lugha ambazo bado hazina ontolojia nyingi, Kiswahili kikiwamo, funzo ni la kiutendaji. Kabla ya kuchagua programu, inafaa kuamua mambo matatu: kila safu inasema kauli gani, kitambulisho kitalindwaje, na nakala ipi itakuwa chanzo. Yakishaandikwa hayo, mjuzi wa fani anaweza kuketi mbele ya jedwali tupu akaanza kazi, na kile atakachokiandika kitabaki kuwa alichokusudia kusema.